Sakafu ya Chumba cha Mama Mkwe

Nyayo zilisikika juu ya vichwa vyao, nzito na za kuburuta, na Mama Pacha akajua papo hapo ni za nani.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, ameshika taa ya waya mrefu, anammulikia fundi. Sebule yenyewe haikutambulika tena. Makochi yalikuwa yamesogezwa uani na kufunikwa turubai, dari ilikuwa imebomolewa yote, na boriti za ghorofa ya juu zilikuwa uchi, nyeusi kwa uzee, zimepangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Vumbi lilikuwa limemwingia Mama Pacha mpaka kwenye kope.

"Shemeji," fundi alisema polepole, macho yake juu, "si ulisema huko juu hakuna mtu?"

"Hakuna mtu. Mama yuko kwa jirani. Nimempeleka mwenyewe, nimemwacha barazani kapewa na kiti."

Nyayo zikavuka tena, kutoka upande wa mlango kwenda kitandani. Uzi mwembamba wa vumbi ukaanguka katikati yao, ukapita kwenye mwanga wa taa.

"Basi kiti hakikumfaa," fundi akasema.

Watu walimwita Fundi Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Msumeno taratibu, nyundo taratibu, hata chai alisema inywewe taratibu. Lakini sasa Mama Pacha alimwona akiweka patasi chini haraka, na hilo lilimtisha kuliko zile nyayo.

Alijua kwa nini. Asubuhi ile fundi alikuwa amemweleza kila kitu, akimwonyesha kwa kidole. Boriti saba zilitoka ukuta wa mbele, penye dirisha, zikaenda mpaka ukuta wa nyuma, ule wenye mlango wa chumba na bafu lililopakana nacho. Upande wa dirisha zilikuwa nzima kabisa, ngumu hata msumari unapinda. Upande wa nyuma ndiko kulikokuwa na balaa. Bomba la bafu lilikuwa limevuja ndani ya ukuta kwa miaka bila mtu kujua, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vilikuwa vimeoza hata bisibisi inazama kama kwenye andazi. Kwa hiyo fundi alilaza mbao nene moja kukingama chini ya boriti zote, karibu na ukuta wa nyuma, akaisimamishia nguzo mbili, na chini ya kila nguzo akaweka jeki. Kisha akakata vichwa vilivyooza vya boriti tatu za katikati. Kila boriti ingebandikwa mwenzake mpya ubavuni, zifungwe pamoja kwa bolti ndefu, na kichwa kipya kiingie ukutani. "Zinaitwa boriti pacha," fundi alimwambia, na wote walicheka, mumewe kuliko wote, akasema basi nyumba hii haijatosheka na mapacha wao wawili walioko shuleni.

Kisha ikaonekana bolti zilizonunuliwa ni fupi. Mumewe akaondoka na msaidizi wa fundi kwenda kutafuta nyingine. Zile boriti tatu zikabaki zimekatwa, hazijafungwa, hazishiki ukuta, zimekaa juu ya mbao moja na nguzo mbili.

"Mwite," fundi alisema. "Mwite kwa upole. Asishtuke. Mwambie akae palepale alipo."

Mama Pacha akaweka taa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akainua uso. "Mama!" aliita. "Mama, ni mimi. Usitembee. Kaa hapohapo ulipo, fundi bado anafanya kazi."

Kitu kizito kikakwaruza sakafu ya juu, kikasimama, kikakwaruza tena. Mama Pacha aliutambua mlio ule kwa sababu aliwahi kuusikia mara moja tu, siku walipopaka rangi chumba kile. Lilikuwa kabati la nguo, lile la mbao nzito lenye vioo viwili, ambalo wanaume wanne walilipandisha ngazi wakitukana.

"Anasukuma kabati," alisema. "Anataka kuzibia mlango."

Fundi alifumba macho nukta moja. Mlangoni ndiko kwenye zile boriti zilizokatwa.

*

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalipokea vivihivi. Watoto wake wote aliwazalia katika chumba kile, na humo ndimo alimomwuguza mumewe mpaka mwisho. Mwaka huu kitanda kilipoanza kulia kila anapogeuka, na glasi ya maji ikawa haikai mezani bila kujongea upande, yeye alisema nyumba inapumua. Aliyesema sakafu inaoza ni Mama Pacha. Tangu siku hiyo mama mkwe alimpa kisogo. Hata walipokuwa meza moja alimwambia mwanawe, "Mwambie mkeo chumvi imezidi," na mkewe amekaa palepale na kijiko mkononi.

Ya ukarabati aliyakubali shingo upande, kwa sharti asilale nje ya chumba chake hata usiku mmoja. Waliahidi. Kumbe hata ahadi hakuiamini. Alipoona mwanawe ameondoka na gari, fundi amebaki na mkwe wake peke yake, alimuaga jirani kwamba anakwenda msalani mara moja, akazunguka mlango wa jikoni, akapanda ngazi akijishikilia ukutani na goti lake bovu, na kujifungia.

*

Kabati lilikwaruza mara ya tatu, na nguzo ya kulia ikalia.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyevunja kijiti ndani ya chumba cha mbali. Lakini Mama Pacha aliiona nguzo ikihama, kitako chake kikisogea kidogo juu ya kichwa cha jeki.

"Nyundo!" fundi alisema. Alikuwa ameshaikumbatia nguzo kwa mikono miwili, shavu lake limebanwa kwenye mbao. "Kabari ile pale. Iweke hapa chini, upande huu. Piga. Usipige kwa hasira, piga kama unapigilia kisigino cha kiatu."

Alipiga. Pigo la kwanza likaenda hewani, la pili likagonga jeki. La tatu likaipata kabari. Nguzo ikatulia.

"Inashika?" aliuliza.

"Inashika kwa sasa." Fundi hakuiachia. "Sikiliza, shemeji. Mimi siwezi kutoka hapa. Nikitoka na yule mama akasogeza kabati tena, sakafu inakuja chini na yeye juu yake. Panda. Koridoni ni salama, ina boriti zake. Lakini usiingie chumbani, na usimsukumie mlango. Mwambie aliache kabati, aje upande wa dirisha, akae chini. Basi."

"Na wewe?"

"Mimi niko kazini," fundi alisema, akajaribu kutabasamu.

Mama Pacha alipanda ngazi mbili mbili. Alipofika mlangoni alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilitoka karibu sana, ya mtu anayehema. "Ulidhani sitajua? Mwanangu akitoka tu, mafundi wanabomoa."

"Mama, liache kabati. Sogea upande wa dirisha, nakuomba. Chini yako boriti zimekatwa."

"Mwambie mwanangu aje aniambie mwenyewe."

"Hayupo! Ameenda kununua bolti. Mama, sisemi ili utoke. Usitoke. Kaa humohumo, lakini kaa dirishani."

Mama Pacha alidhani ameeleweka. Halafu akasikia mguno, ule wa mtu anayetia bega, na kabati likasogea mara ya mwisho na kugonga mlango.

Kilichofuata alikihisi kwa magoti kabla ya kukisikia. Koridoni palitikisika. Chini kukatoka kishindo kimoja kizito, kikafuatiwa na mlio wa chuma kikibingirika kwenye saruji, na mlango mbele ya uso wake ukashuka ndani ya fremu yake upande mmoja, mbao zikapasuka, rangi ikamrukia usoni. Ndani, mama mkwe alipiga ukelele, kisha ukelele ukakatika kana kwamba umezibwa kwa mkono.

"Mama!" Alishika kitasa, akakumbuka, akakiachia kana kwamba kimemuunguza. "Mama! Unanisikia?"

Alishuka ngazi akiwa hajui miguu yake inakanyaga wapi. Sebuleni vumbi lilikuwa zito kama moshi. Taa ilikuwa imeanguka lakini inawaka, na ndani ya mwanga wake wa chini kwa chini alimwona fundi amekaa sakafuni, mgongo wake kwenye ukuta, miguu yake miwili imekaza kwenye kitako cha nguzo. Nguzo ilikuwa imeteleza ikatoka juu ya jeki, ikatua kwenye saruji. Jeki ililala pembeni. Kifundo cha mguu wa fundi kilikuwa kimeanza kuvimba juu ya kiatu.

"Imeshuka shubiri moja," fundi alisema kwa sauti kavu. "Haikuanguka. Imekaa upande, na mimi ndiye ninayeizuia isiteleze. Yule mama?"

"Alipiga kelele. Sasa kimya."

"Mlango?"

"Umebanwa. Kabati limeuegemea."

"Basi hakuna njia ya mlangoni. Ukigusa mlango, kabati linalala upande wa pili, na likilala..." Hakumaliza. "Ngazi yangu ndefu iko uani. Ingia dirishani. Dirishani ni pazima, shemeji, nakuapia. Pita pembeni, kandokando ya ukuta. Boriti za ukutani sijazikata."

"Utaweza kukaa hivyo?"

"Nenda!"

Mlangoni aligongana na jirani, aliyekuwa amekuja mbio na kanga imemvuka kichwani. "Kaniaga anakwenda msalani!" jirani alisema, macho yamemtoka pima. "Mimi nangoja, nangoja, nikasema jamani, msalani gani huko?"

"Nishikie ngazi," Mama Pacha alisema.

Ngazi ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Waliibeba wawili, wakaigongesha kwenye turubai la makochi, wakaiegemeza chini ya dirisha. Dirisha la juu halikuwa na nondo. Marehemu baba mkwe alikuwa na kauli yake, kwamba mwizi atakayejitahidi kufika kule apewe tu alichokifuata. Mama Pacha alipandisha gauni mpaka magotini, akalifunga fundo, akaanza kupanda. Hakupenda vitu virefu. Hata kubadilisha taa ya jikoni alimwachia mumewe. Alitazama matofali mbele ya pua yake, tofali moja baada ya jingine, huku chini jirani akimwombea dua kwa sauti kubwa mpaka akatamani amwambie anyamaze.

Alisukuma dirisha, akaingiza kichwa.

Chumba kilikuwa kimeinama. Ndivyo kilivyoonekana, kama chombo kilicholalia upande. Kuanzia dirishani sakafu ilikuwa sawa, kisha katikati ikaanza kuteremka kuelekea mlangoni, na kule mwisho, kati ya sakafu na ukuta, palikuwa na pengo la kuingia mkono. Mwanga wa taa ya sebuleni ulikuwa unapenya kutoka chini. Kabati lilikuwa limelala kifudifudi kwenye mlango, kioo kimoja kimepasuka. Kitanda kilikuwa kimeteleza katikati ya chumba, na mama mkwe alikuwa sakafuni, ameshikilia mguu wa kitanda kwa mikono miwili, kilemba kimemdondoka, nywele zake nyeupe ziko wazi. Alikuwa anatazama lile pengo.

"Mama."

Mama mkwe aligeuza macho tu. Kichwa hakukigeuza. "Namwona yule bwana," alinong'ona. "Namwona chini. Amelala."

"Hajalala, amekaa. Ameishikilia nguzo kwa miguu. Mama, njoo kwangu."

"Siwezi."

"Unaweza. Tambaa."

"Nikiachia kitanda nitakwenda."

Mama Pacha alikaa kwenye kizingiti cha dirisha, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Ubao wa sakafu ulilia chini ya unyayo wake. Akasimama bila kupumua, mgongo umegandana na ukuta. Ubao haukwenda popote. Alijisogeza upande mpaka kwenye kona, kisha akaanza kufuata ukuta wa ubavuni, kisigino kwenye ukuta, kidole kwa kidole, mpaka akawa sambamba na kitanda. Hapo akachuchumaa, akanyoosha mkono. Palikuwa na nafasi ya hatua mbili kati yao, na hatua hizo mbili zilikuwa juu ya boriti zilizokatwa.

"Nishike mkono."

Mama mkwe aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu asiyemjua.

"Dada yangu walimwambia ni mwezi mmoja tu," alisema ghafla. "Wapake rangi, wabadilishe bati. Mwezi mmoja. Akakaa kwa mtoto huyu, akakaa kwa mtoto yule, kama sahani ya kuazima. Nyumba ikapata wapangaji. Akafia kwenye kitanda cha wageni, nguo zake kwenye mfuko." Akamtazama mkwewe. "Na wewe ndiye uliyeanza haya. Wewe ndiye uliyesema sakafu inaoza."

Chini, fundi alitoa mguno, na kitu kikasaga kwenye saruji. Sakafu ikatetemeka, kitanda kikasogea kidole kimoja. Mama mkwe alifumba macho.

Mama Pacha alijua kuna maneno ya kumbembeleza, na kwamba muda wa kuyasema haukuwepo. Hasira ya miezi yote ile ikampanda, na akaiacha ije.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Nilisikia kitanda chako kinalia kila usiku mpaka chumbani kwangu, silali, nahesabu unageuka mara ngapi. Sasa nikuulize, Mama. Kama nilitaka utoke kwenye chumba hiki, ningesema? Si ningenyamaza tu? Ningekunywa chai yangu, ningengoja. Sakafu ingekutoa yenyewe, bila fundi, bila gharama!"

Maneno yalipomtoka alitaka kuyarudisha. Mama mkwe alifungua macho, akamtazama kwa muda ambao Mama Pacha aliuona mrefu kupita kiasi. Kisha ikatoka sauti ya ajabu puani mwake, nusu kilio, nusu kicheko.

"Una mdomo mchafu," mama mkwe alisema.

"Nishike mkono."

Alishika. Mkono wake ulikuwa mwepesi na baridi kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Mama Pacha alikaza miguu kwenye ukuta, akavuta polepole, na mama mkwe akaja kwa tumbo, akiteleza juu ya mbao, gauni lake likikusanya vumbi, akilalamikia goti, akilalamikia mgongo, akimtaja Mungu na kumtaja marehemu mumewe aliyejenga bafu pabaya. Alipofika ukutani Mama Pacha alimkumbatia kwa nguvu hata akasikia mifupa yake.

"Taratibu, utanivunja," mama mkwe alisema.

Walitambaa kando ya ukuta mpaka chini ya dirisha, wakakaa. Chini ya ngazi jirani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mshushe!" alipiga kelele. "Mshushe nimpokee!"

Mama mkwe alichungulia nje, akarudisha kichwa. "Mimi nitoke dirishani kama mwizi? Na goti hili? Nitamwangukia huyo na kelele zake, tufe wawili."

Mama Pacha alimtazama, akaona ni kweli. Goti lile halingeshuka hata vipandio viwili. Walikuwa wamefika mahali pazima, lakini njia ya kutoka haikuwepo. Kukaa tu, na kungoja mtu aliyekuwa chini asichoke.

Ndipo aliposikia gari. Mlango wa gari ukafungwa kwa nguvu, jirani akaanza kueleza yote kwa mara moja, na viatu vya mumewe vikavuma sebuleni, kisha kwenye ngazi za ndani, moja, mbili, nyingi.

"Mama!" mumewe alipiga kelele koridoni. "Mama, nakuja! Sogeeni, navunja mlango!"

Mama Pacha aliona kabati likitikisika. Akasikia hatua za mumewe zikirudi nyuma koridoni, hatua za mtu anayejipa nafasi ya kukimbia na kupiga bega.

"Usiguse mlango!" Sauti ilimtoka kifuani hata mama mkwe akaruka. "Baba Pacha! Usiguse mlango, utatuua! Rudi chini!"

"Mama yangu yumo humo!"

"Yuko na mimi! Tuko dirishani, hatujaumia! Kabati limeegemea mlango, ukisukuma linaangukia palipokatwa! Nenda kwa fundi! Fanya anachosema fundi!"

Alimsikia akihema nyuma ya mlango. Alimjua mumewe, mtu wa kufanya kwanza na kuuliza baadaye, na mama yake alikuwa roho yake. Akasubiri lile bega.

Mama mkwe aliinua kidevu. "Msikilize mkeo!" alisema, kwa sauti ileile aliyowalelea watoto. "Hujasikia? Shuka!"

Hatua zikashuka.

Yaliyofuata waliyafuatilia kwa masikio tu. Sauti ya fundi, iliyochoka lakini haina haraka, ikitoa amri. Rudisha jeki. Hapana, si hapo, karibu na ukuta. Nguzo mpya kwanza, ile ya zamani tusiiguse. Ubao chini yake, mpana. Sasa pandisha. Taratibu. Taratibu, nimesema, hii si gari. Na kila jeki ilipopandishwa, sakafu ililia, kila mahali kwa pamoja, mbao kwa msumari, msumari kwa mbao. Mchanga ulimwagika ukutani. Kioo cha kabati kilichobaki kilipasuka peke yake, na vipande vikaporomoka kwenye pengo, na mtu akatukana kule chini.

Mama mkwe alikuwa amemshika Mama Pacha kiganja, kucha zimemzama. Wakati mmoja sakafu iliruka ghafla, kidogo tu, na wote wawili walijibanza ukutani wakidhani ndiyo mwisho. Lakini lile pengo lilikuwa linapungua. Likawa la vidole, likawa la kidole, likawa mstari wa mwanga. Kisha mwanga wa sebuleni ukakatika kabisa, chumba kikakaa sawa, na kabati likajiinua kutoka mlangoni polepole, likasimama kwa miguu yake likiyumba.

"Msitembee bado!" fundi alisema kutoka chini. "Nguzo moja zaidi!"

"Hatutembei," mama mkwe alijibu kwa heshima zote. "Chukua muda wako, baba."

*

Walitoka kwa mlango, baada ya mumewe na msaidizi wa fundi kuweka nguzo tatu badala ya mbili na kupita wao wenyewe kando ya ukuta kuliondoa kabati. Mume alimbeba mama yake mgongoni mpaka chini, naye akamwambia apunguze mbio. Fundi alipelekwa hospitali kwa gari lilelile lililoleta bolti. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Kabla hajaondoka mama mkwe alisimama mbele yake, akavua mtandio wake na kumfunikia mguu. Fundi alisema asante, mama, kana kwamba mguu ulikuwa unasikia baridi.

Mama Pacha alikwenda jikoni kunawa. Hapo akakaa sakafuni kando ya sinki na mikono yake ina sabuni. Mumewe alimkuta hivyo, akakaa karibu naye.

"Ningeuvunja ule mlango," mume alisema.

"Najua."

"Bega lilishaondoka. Sauti yako ndiyo iliyonirudisha."

"Na ya mama yako."

"Na ya mama," alikiri, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na mkewe akageukia upande mwingine ili amwache alie.

Kazi ilichukua muda kuliko ilivyopangwa. Fundi alirudi na plasta mguuni, akakaa kwenye kiti katikati ya sebule akimwelekeza msaidizi wake, na kila boriti ikapata mwenzake, ikafungwa bolti juu na chini, vichwa vipya vikaingia ukutani vimepakwa lami, na bomba la bafu likabadilishwa lote. Siku hizo mama mkwe alilala chini, kwenye chumba cha wajukuu. Hakuna aliyemwomba. Lakini hakuwa na amani. Kila jioni aliuliza imebaki boriti ngapi, na alipojibiwa, alikwenda kuhakikisha mwenyewe, ameshika kiuno, kichwa juu. Na kila jioni Mama Pacha alikwenda naye, akazigusa moja moja na kumwambia ipi imefungwa na ipi bado, bila kumpunguzia ukweli. Vipindi vingine walirudi wakibishana. Mama mkwe alishikilia kwamba msaidizi wa fundi anapiga nyundo kivivu. Mama Pacha alishikilia kwamba mama mkwe hamwachi kijana wa watu afanye kazi.

Siku ya mwisho fundi aliamuru nguzo ziondolewe. Walisimama wote sebuleni kutazama. Nguzo ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Hakuna kilicholia. Fundi alingoja kidogo, akasikiliza, akasema, "Haya."

Mama mkwe hakungoja kusindikizwa. Alipanda ngazi peke yake, kipandio kimoja kimoja, huku mwanawe akimfuata kwa nyuma mikono imekaa tayari mpaka akaambiwa aache kumfukuza kama kuku. Alifika, akaingia, akafunga mlango. Walimsikia kutoka chini. Alitembea mpaka katikati ya chumba, akasimama. Akatembea mpaka mlangoni. Kisha kitanda kikasogezwa kidogo, na baada ya hapo hawakusikia kitu chochote.

Mume alitaka kwenda kumwangalia. Mama Pacha alimzuia kwa mkono, akapanda mwenyewe, akasimama koridoni, sikio karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa amelala mchana kweupe, na alikuwa anakoroma.